Kabla ya Arobaini

Tangu Noah ya abiria itoke Mlali, Bi Asia alikuwa akimtazama binti aliyekaa ubavuni mwake, Mwanvita, anavyomfunga mtoto kanga na kumfungua, kumfunga na kumfungua, hata akachoka yeye mtazamaji.

"Tangu ajifungue halali," Semeni, mama wa binti, alikuwa akimwambia Editha, abiria aliyejitambulisha kuwa mtafiti wa hospitali. "Anasikia watu wanamwita."

"Basi shukeni pale hospitali, mama. Hali hiyo ndiyo tunayoichunguza. Homoni zikishuka baada ya uzazi, wengine akili inayumba. Tunaomba damu kidogo tu, na hata akitunyima, dawa anapewa."

"Damu ya mwanangu mkaichezee maabara! Na mjomba wake kasema asitoke ndani kabla ya arobaini."

"Si mmeshatoka?"

"Tunakwenda kwake Msamvu, kumwomba ruhusa ya kutoka."

Bi Asia aliuma upindo wa kanga asicheke. Naye ni Mluguru kama wao; kwao mjomba ndiye mkuu wa ukoo, na neno lake analijua uzito.

"Na usiku wa leo, mama, mtafanyaje?" Editha aliuliza.

Semeni akageukia dirishani.

"Hospitali wapo?" dereva aliita, akasimamisha gari.

Semeni alimkamata binti yake mkono. Mwanvita akajinasua, akamweka mtoto mapajani mwa Bi Asia.

"Nishikie, bibi. Hao wanaoniita, wanamtaka huyu."

Mlango ulikuwa wazi; akashuka, akafuata njia ya hospitali. Mtoto alikuwa amelala fofofo.