Siku ya Mia Moja Tisini na Saba

Kijiwe cha Pancha kiko Karatu mjini, upande ule wa lami ambako magari ya watalii hupunguza mwendo kabla ya kupandisha kwenda Ngorongoro. Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matairi mawili yaliyokwisha kazi. Mwezi wa saba, ukungu unaposhuka toka msituni na kugoma kuondoka mpaka saa nne, watu hukaa hapo kwa sababu jiko la kahawa la Marsela lina moto, na kwa sababu majumbani mwao hakuna anayewasikiliza. Wenye benchi ni watatu. Yupo Edgar, Mchaga muuza spea, anayeitwa Profesa kwa kuwa husoma kila gazeti la kufungia spea, hata la mwaka juzi. Yupo Alex, dereva wa watalii asiye na kampuni, anayeitwa Dola ingawa haijulikani aliishika lini mara ya mwisho. Na yupo Tluway, fundi springi, ambaye tangu Januari kijiwe kimembatiza Siku Bila.

Jina alilipata kihalali. Kwenye gereji anakofanya kazi kuna ubao ukutani, SIKU BILA AJALI, na namba ya chaki inayopanda kila asubuhi. Ikifika mia bila mtu kuumia, bosi huchinja mbuzi. Sasa Tluway ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya mtaani, na siku kamati ilipojadili watoto wanaoonewa na wenzao, alinyoosha mkono akasema kwa nini na sisi tusiwe na ubao. Wakampigia makofi. Ukatundikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu: SIKU BILA UONEVU. Mtoto akiripoti kuonewa, namba inarudi sifuri. Ikifika mia mbili, tajiri mmoja mwenye magari ya watalii ataleta mabasi mawili awapeleke watoto kwa zamu kreta, lile bonde la wanyama la Ngorongoro, maana watoto wa Karatu huyaona magari ya kwenda kreta tangu wanazaliwa, kreta yenyewe wanaisikia tu. Namba ikapanda kila siku. Hata likizo ya mwezi wa sita ilipanda, shule ikiwa imefungwa na hamna mtu ila mlinzi. Maofisa walikuja kupiga nao picha.

Asubuhi hiyo Tluway alifika amechelewa, akakaa bila salamu.

— Siku Bila, leo tuko ngapi? aliuliza Dola.

— Mia moja tisini na saba.

— Bado tatu, alisema Profesa. Binti yangu Winnie ameshafua sweta la kwendea. Haba na haba hujaza kibaba, jamani.

Tluway alipokea kikombe, hakunywa.

— Nataka niwaulize. Nikienda shuleni leo nikaripoti, itakuwaje?

— Uripoti nini?

— Benedicta wangu anaonewa.

Akawaeleza, macho yake yakiwa kwenye kikombe. Binti yuko darasa la tano. Tangu shule ifunguliwe amekuwa akirudi nyumbani peku. Mara amesahau viatu, mara vimeibiwa, mara hajui. Tluway alimchapa mara mbili kwa uzembe. Juzi mnadani akamnunulia vingine, na leo asubuhi amemkuta anatoka na kandambili za mama yake, amezifunga kwa kamba zisimvuke, vile vipya amevificha uvunguni. Ndipo aliposema. Kuna wasichana wanne wa darasa la saba. Humpeleka nyuma ya vyoo, humvua viatu, humwamuru avitumbukize shimoni kwa mkono wake mwenyewe, kisha aseme asante.

— Na kwa nini hakusema siku zote? aliuliza Profesa.

— Nilimuuliza hivyohivyo. Akaniambia, baba, zimebaki siku tatu, usiende, nitavumilia. Watoto wameambiana kwamba atakayeirudisha namba sifuri, shule nzima itamjua.

Tluway alikuwa ametoka nyumbani akijua la kufanya, lakini miguu ilimleta kijiweni badala ya shuleni, kwa sababu alitaka mtu mwingine amwambie nenda. Mtu mmoja tu angetosha.

— Mzee mwenzangu, Profesa alianza, mvumilivu hula mbivu. Na mbivu yenyewe imeshaonekana, ni Alhamisi.

— Anayevumilia ni nani na watakaokula ni akina nani? aliuliza Marsela bila kugeuka.

— Wewe mimina kahawa. Mimi nimesoma bweni kule kwetu Rombo. Kidato cha kwanza tuliitwa njuka. Nimefua soksi za kaka wakubwa mpaka vidole vikaota fangasi. Mtu akiniona leo atasema nilionewa?

— Atasema unauza spea.

— Samaki mkunje angali mbichi.

— Huyu anakunjwa na samaki wenzake, Profesa. Methali yako haina mpishi.

Dola alikuwa amesubiri zamu yake kwa adabu, jambo lisilo kawaida yake.

— Arifu, mimi nizungumze kitaalamu. Kule kreta nyumbu akizaa, ndama anapewa dakika chache tu awe amesimama. Fisi yuko pale pale. Umewahi kuona nyumbu ameenda geti kuripoti fisi? Neicha haina kamati.

— Benedicta si nyumbu.

— Nakubali, chalii yangu. Ndiyo maana nakuja kwenye solusheni. Simba wa kule wamevalishwa kola za redio shingoni. Mtaalamu anakaa hemani na kompyuta, anamwona simba hata akiwa amelala. Tuwavalishe watoto. Nukta moja inaelekea vyooni, nukta nne zinaifuata nyuma, unajua hapo pana jambo.

— Na nani atakaa anaangalia hizo nukta? aliuliza Marsela.

— Mwalimu wa zamu.

— Yule ana watoto tisini darasani. Vyoo vyenyewe viko hatua ishirini toka dirishani kwake, haviangalii. Aangalie kompyuta?

Dola alikuna kidevu. Profesa akaona mwanya.

— Tatizo si kuona, tatizo ni viatu. Uonevu wote duniani chanzo chake ni mtu kuwa na kitu. Piga marufuku viatu shuleni, utanyang'anya nini? Nilisoma mahali. Tena tuondoe na uji, maana wanamwagiana. Tuondoe masweta. Kalamu azishike mwalimu. Tukiondoa kila kinachonyang'anywa, uonevu unakufa wenyewe, kama moto uliokosa kuni.

— Mkimaliza hapo mtaondoa watoto, alisema Marsela.

Dola alicheka, Tluway hakucheka. Marsela aliweka birika chini, akaja mbele yake akakaa kwenye kigoda.

— Baba Benedicta, nionyeshe mkono wa kushoto.

Tluway aliukunja ndani ya mfuko wa koti.

— Kile kidole kisicho na kucha. Kiliumia wapi?

— Mlangoni, nyumbani.

— Mimi ndiye niliyekupa kitambaa cha kukifunga, ukiwa umevaa ovaroli na damu inachuruzika mpaka hapa. Gereji walikuwa siku ya ngapi?

Tluway akautoa mkono mfukoni.

— Themanini na nane.

— Kwa hiyo ulikuwa unajua, alisema Marsela. Ulijua ubao ule unafanyaje kazi, ukaupeleka kwa watoto.

Hilo lilimwingia. Alikuwa amekula nyama ya mbuzi yule kwa mkono mmoja, wenzake wakimpongeza, na hata siku moja hakuwahi kuviweka pamoja kidole chake na ubao wa shule. Au aliviweka akaviachanisha. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

— Basi mwambieni aende, Marsela aliwaambia wale wawili. Semeni neno moja la maana leo.

— Aende vipi? alisema Profesa, na sauti yake safari hii haikuwa ya utani. Watoto mia nne wameshafua masweta. Namba ikirudi sifuri leo, hao wasichana wanne wataadhibiwa siku moja. Benedicta ataadhibiwa na mia nne mpaka darasa la saba. Winnie wangu akirudi analia kwamba safari imekufa, unadhani sitamwambia ni nani aliyeiua? Nitamwambia. Mimi si malaika.

— Hapo kasema kweli, alisema Dola.

— Subiri Alhamisi ipite. Halafu mhamishe kimya kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtoto anapata shule mpya, ubao unabaki safi, kila mtu ameshinda. Uhamisho hauhesabiwi.

Tluway alijikuta ameanza kuikubali. Siku tatu ni nini? Leo ukitoa, zinabaki mbili. Angeweza kumwambia asiende vyooni. Angeweza kumwambia aende peku tangu nyumbani, wakose cha kuvua. Alishtuka kuona kwamba amefika kwenye marufuku ya viatu ya Profesa, ila yeye kafika polepole.

Ukungu ulitoa mama mmoja wa Kimasai, wa makamo, shuka la zambarau na shanga shingoni, mkononi ameshika mfuko wenye madaftari. Alisimama mbali kidogo na benchi kama mtu anayepiga hodi.

— Takwenya, yeyo, Marsela alimsalimia.

— Iko.

Alisema anaitwa Naisula, ametoka Engaresero, amelala kwa wifi yake hapa mjini. Anaulizia shule ya msingi ya hapa mtaani. Amefuata barua ya uhamisho wa mtoto wake, Kasaine, maana shule ya kule kwao haiwezi kumwandikisha bila barua.

— Mbona unamtoa, mama? alisema Profesa, akifurahi kupata mgeni wa kumweleza. Shule ile ni namba moja. Leo siku ya mia moja tisini na saba hakuna mtoto aliyeonewa pale. Imeandikwa.

— Imeandikwa wapi, baba?

— Ubaoni. Na mwenye ubao ndiye huyu.

Naisula alimtazama Tluway kwa heshima, na heshima ile ilimchoma kuliko maneno ya Marsela.

— Mimi kusoma sijui. Namba najua, ya kuhesabu mbuzi. Mtoto alikuwa anakaa kwa shangazi yake hapa. Walikuwa wanamshika sikio, hili tundu la sikio letu, wanapitisha kamba, wanamvuta kama ndama. Akaondoka. Ametembea mpaka Mto wa Mbu, akapata lori, akafika nyumbani siku ya tatu. Sasa haongei sana. Shangazi alienda kumwambia mwalimu, mwalimu akasema ni mtoro.

— Aliondoka lini? aliuliza Marsela.

— Mwezi wa nne, mvua ile kubwa. Anasema siku hiyo watoto walikuwa wanapewa soda, wanaimba, wakubwa wanatoa hotuba. Ndiyo maana alipita getini hakuna mtu aliona.

Soda zilitolewa mara moja tu mwaka huu. Siku ya mia. Tluway ndiye aliyeshika chaki siku ile, akachora zile sifuri mbili kwa madaha, na hotuba ilikuwa yake. Alisema watoto wote mnaowaona hapa wana furaha. Walipiga makofi hata kabla hajamaliza.

— Naomba kuuliza, baba, alisema Naisula. Kesho yake mliandika ngapi?

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia bei. Dola alitoa simu akaiangalia, haikuwa imeita. Profesa alilikunja gazeti lake, akalikunjua, akalikunja tena. Jibu lilikuwa mia moja na moja, na kila mtu pale alilijua.

Naisula alisubiri kwa adabu, kama mtu anayemngoja mkubwa afikiri. Kisha akauhamishia mfuko mkono wa pili.

— Basi, nionyesheni njia.

Tluway alisimama, akamwelekeza: apandishe mpaka kwenye duka la mbolea, akunje kushoto, ataona bendera.

— Asante, baba. Na wewe una mtoto pale?

— Ninaye. Msichana.

— Hajambo?

Marsela aliinua macho toka kwenye jiko. Maneno yote Tluway alikuwa nayo, alikuwa ameyapanga tangu nyumbani, na huyu alikuwa mtu pekee Karatu nzima ambaye angeyaelewa bila kufafanuliwa.

— Hajambo, alisema.

— Ashukuriwe Mungu, alisema Naisula, akashika barabara ya kupandisha.