Jicho la Kushoto la Fundi Saa

Mpaka leo sijui kwa nini jicho la kushoto la Fundi Saa lilianza kutiririka wiki ileile tuliyomzika mkewe. Daktari alisema ni sadfa tu. Pengine. Miaka miwili alitengeneza saa ameinamisha kichwa upande, chozi limdondokee begani lisiingie kwenye mashine. Asubuhi moja ya ukungu, barabara imefifia kama kitu unachokikumbuka nusu, alifika kijiweni na karatasi ya hospitali. Tulikuwa watatu na birika la kahawa: Kinyozi, Redio ambaye hakuna aliyewahi kumzima, na mimi.

— Alhamisi, akasema. Watatoboa kijifupa hapa kando ya pua, machozi yapate njia mpya. Ya zamani imeziba.

— Kumbe machozi yana njia? Kinyozi akashangaa.

— Yanashukia puani. Daktari alinisukumia maji ya chumvi kwenye kona ya jicho. Njia ikiwa wazi, unaonja chumvi kooni. Yangu yalirudi usoni.

— Basi ndimo zinamopita ndoto, Kinyozi akasema. Mtu amelala, macho kayafumba, ziingilie wapi tena?

— Wewe nyoa watu! Redio akadakia. Kila mtu ana ziwa nyuma ya uso. La huyu limejaa. Wakilitoboa litashuka lote, na aliyemo atashuka nalo.

— Aliyemo nani? Kinyozi akauliza.

Sote tulijua ni nani.

— Ndilo ninaloogopa, Fundi Saa akasema taratibu. Jicho hili ndilo lililobaki kumlilia. Likikauka, nitakuwa nimemwacha. Siendi.

— Lakini kaka, nikamwambia, juzi tu chozi limeingia kwenye saa ya mteja. Kesho utafanya kazi gani?

— Najua.

Hatukuwa tumemwona shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuja kumtafuta na kusimama nyuma yetu. Hakuwahi kukaa kijiweni. Hata siku ile hakukaa.

— Shemeji, akauliza, na la kulia je? Lenyewe limeshamsahau dada?

Kinyozi akajifanya anatafuta sukari. Fundi Saa akalifunika jicho la kushoto kwa kiganja, akatutazama kwa lile kavu, mmoja mmoja, kama mtu anayeamka ugenini.

— Hata sijui, shemeji.

Kahawa ilikuwa imeshapoa tulipokubaliana kwamba aende. Tulioamua tulikuwa watano. Aliyetekeleza ni shemeji: Alhamisi alimpeleka, akatia sahihi mahali pa ndugu, akasubiri kwenye korido mpaka wakamtoa, mrija mwembamba umeachwa ndani kuishikilia njia mpya, naye akampangusa damu ya pua mpaka nyumbani.