Atomu za Mama Cherehani

Mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, na ninyi wazazi wetu wa sokoni mliofunga vibanda asubuhi hii mkaja kutusikiliza:

KARIBU KWETU

Sisi, wanafunzi wa Klabu ya Atomu ya shule hii, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Karibu kwenye maabara yetu, ambayo hadi mwaka jana ilikuwa stoo ya mafagio na viti vilivyovunjika miguu. Leo ina meza, ina bomba linalotoa maji, na ina madirisha yanayofunguka. Rangi tumeipaka wenyewe, ndiyo maana nyingine iko ukutani na nyingine iko sakafuni.

Tunajua risala huwa ndefu na wageni huwa na safari nyingine. Hata hivyo tunakuomba utuvumilie tukusimulie habari za mama mmoja, kwa sababu ukishazisikia hizo umeshaijua klabu hii yote.

TULIKOTOKA

Klabu ilianza na swali. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa amechora atomu ubaoni: kiini katikati, chenye protoni na nyutroni, na elektroni zikizunguka pembeni. Akasema viini vingi vimetulia, havina haraka na mtu. Vingine havijatulia, na wakati wowote kimojawapo kinaweza kurusha miale na kugeuka kuwa kiini cha aina nyingine. Tabia hiyo ndiyo inayoitwa unururifu. Ukikichemsha hakiharakishi, ukikigandisha hakichelewi.

Mwenzetu mmoja, msichana wa dawati la nyuma ambaye sauti yake tulizoea kuisikia wakati wa kuitwa majina tu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na mtu akimeza hiyo kitu? Inakaa ndani yake mpaka anakufa?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, maana alimwona machozi yanamlengalenga.

Mgeni rasmi, mama wa msichana huyo ni mshonaji wa kona ya soko, tunayemwita Mama Cherehani. Nusu ya watu waliomo humu waliwahi kuoa, kuolewa au kuhitimu wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake. Mwaka jana tezi ya shingoni ilianza kumsumbua: ilifanya kazi kupita kiasi, moyo ukawa unamwenda mbio hata akiwa amekaa. Hospitali ya rufaa ikampa kidonge cha iodini nururifu. Tezi hiyo inapenda iodini kuliko kiungo kingine chochote mwilini, kwa hiyo iliifyonza, na miale ikaichoma hukohuko ndani. Ni matibabu ya kijanja kweli.

Wakamwambia akae mbali na watu kwa wiki chache, alale peke yake, nguo zake azifue kando. Mama Cherehani alitii neno kwa neno. Muda ulipokwisha na daktari akamruhusu, akafungua duka, akalipangusa cherehani vumbi, akakaa.

Hakuja mtu. Kisha wakaanza kuja waliotaka kuchukua vitambaa vyao tu. Bibi harusi mmoja alimtuma mdogo wake, na mdogo mtu akaja na kijiti, akakibeba kitambaa cha harusi kwa ncha ya kijiti kama nyoka aliyeuawa. Maneno yakazagaa: mionzi haiishi, inapita kwenye uzi, ukivaa umekwisha. Mama Cherehani akawa anafungua asubuhi, anapiga pasi mapazia yake mwenyewe ili aonekane ana kazi, jioni anafunga. Binti yake ndiye aliyeona kwamba mapazia ni yaleyale kila siku.

TULICHOJIFUNZA

Mwalimu alituambia jibu tutalitafuta kwa mikono yetu. Akaomba vitu vidogo vingi vyenye pande mbili. Yule msichana akaleta kopo zima la vifungo, upande mmoja vinang'aa na upande wa pili vimefifia. "Mama amesema chukueni. Hana kazi navyo."

Tukavimwaga mezani. Kila kilicholala upande wa kung'aa tukasema hicho kimesharusha miale yake, tukakitoa. Vilivyobaki tukavimwaga tena, tukatoa tena. Kila duru vilipungua karibu nusu. Kifungo gani kitatoka, hakuna aliyeweza kukisia. Mwenzetu mmoja aliapa kwamba kile chekundu hakifiki duru ya pili. Kikabaki mpaka mwisho, naye akakitukana matusi ambayo hatuwezi kuyasoma mbele yako. Lakini kwa ujumla wao, vifungo vilikwenda nusu kwa nusu kama vimepewa amri. Muda wa nusu ya atomu kugeuka unaitwa nusu-maisha. Urani nusu-maisha yake ni mabilioni ya miaka. Iodini ya Mama Cherehani ni siku nane.

Siku nane tu! Tukapiga hesabu ubaoni. Ikigawanyika nusu mara kumi, haibaki hata sehemu moja katika elfu, na hapo bado hatujahesabu ile iliyotoka mapema kwa njia ya choo. Zaidi ya miezi mitano ilikuwa imeshapita. Na kila atomu ya iodini iliyorusha miale ilikuwa imegeuka zenoni, gesi iliyotulia kabisa, isiyomdhuru mtu.

Yule msichana akaiweka chaki chini. "Kumbe mama alishaitoa zamani," akasema. "Ila watu ndio bado wameibeba."

USHINDI WETU, NA AIBU ILIYOTANGULIA

Tuliamua ukweli huu ufike sokoni. Dada mmoja, mtaalamu wa mionzi wa hospitali ileile, akakubali kuja na kipima mionzi, kifaa kinacholingana na redio ndogo. Sisi kwa mbwembwe zetu tukashika kipaza sauti tukatangaza, "Jamani, leo mashine itasema kweli! Ikilia, mjue kuna mionzi!"

Mgeni rasmi, hapo ndipo tulipoharibu. Tulikuwa tumejifunza kila kitu isipokuwa kifaa chenyewe kinafanyaje pale ambapo hakuna jambo. Dada alikiwasha katikati ya soko, hata hajalielekea duka, nacho kikaanza: tik. Tik-tik. Tik.

Loo! Soko lilipasuka. Nyanya zilibingirika mpaka barabarani, muuza magodoro akakimbia na godoro lake kichwani, na mzee mmoja aliyekuja na fimbo alionekana akiwapita vijana. Mama Cherehani alikuwa amesimama mlangoni kwake, amejipamba, akisubiri kuitwa. Tukamwona anarudi nyuma taratibu na kuushika mlango aufunge. Tulitamani ardhi itumeze.

Binti yake akampokonya mwenzetu kipaza sauti. "Acheni kukimbia! Mashine haijafika hata kwa mama yangu! Mbona inalia huko mliko ninyi?"

Watu wakasimama. Swali lilikuwa la haki.

Ndipo dada wa hospitali akaeleza tulichosahau kueleza. Mionzi kidogo iko kila mahali tangu dunia iumbwe. Inatoka ardhini, inatoka kwenye mawe, inashuka kutoka angani, na inatoka hata ndani ya miili yetu, kwa sababu misuli ina potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu ni nururifu. Kwa heshima na taadhima, mgeni rasmi, hata wewe unatoa mionzi. Mwalimu Mkuu alishauri sentensi hiyo tuifute. Tumeiacha kwa kuwa ni kweli.

Kisha akapima mbele ya wote. Penye nyanya: tik, tik-tik. Shingoni kwa Mama Cherehani: tik, tik-tik. Juu ya cherehani, kwenye uzi, kwenye nguo zilizotundikwa: vilevile. Mwisho akakipeleka kwenye benchi la jiwe gumu la matale, yaani graniti, lile ambalo wazee wetu hukaa kusema ya watu, na kifaa kikachangamka kupita kote.

Baba Nyanya, muuza nyanya mkuu wa soko, aliyekuwa amekaa hapo, aliruka kama amekalia kaa la moto. "Yaani mimi ndiye mwenye mionzi?"

"Si wewe baba, ni jiwe. Na ni kidogo tu, haidhuru. Kaa."

"Sikai ng'o!"

Dada akakaa yeye kwanza, akakunja nne. Mama Cherehani akatoka mlangoni kwake, akavuka njia, akakaa karibu naye. Baba Nyanya akawatazama, akajikuna kichwa, kisha akakaa katikati yao huku soko zima likishangilia. Tangu siku hiyo klabu yetu imejaa hadi wengine wanasimama, na wasichana ndio wengi. Tunasema kwa kifua mbele: tulishinda.

CHANGAMOTO

Anayekusomea risala hii ndiye yule msichana wa dawati la nyuma. Alikataa, akasema atalia. Tukamwambia alie, lakini asome.

Changamoto ya kwanza ni kwamba kipima mionzi kilikuwa cha kuazima na kimerudi kwao. Ya pili ni nzito zaidi. Mama Cherehani sasa anasalimiwa, anakaribishwa, anataniwa. Nguo hawampi. Kila mtu anasema ameelewa, ameelewa kabisa, ila anasubiri mwingine avae kwanza. Wazazi wetu, tunawapenda, na tunasema haya mkiwa mmekaa hapahapa. Cherehani haliendeshwi kwa salamu. Kodi ya duka imembana, na akifunga safari hii hatafungua tena.

MAOMBI

Tunaomba kipima mionzi cha shule, hata kilichotumika.

Ombi la pili halina gharama. Mgeni rasmi, makoti meupe tuliyovaa sisi sote asubuhi hii hayakutoka dukani. Wazazi wetu, msisimame, tafadhali, tumeshayavaa tangu alfajiri na hatujambo. Yameshonwa na Mama Cherehani, kwa kitambaa tulichokichangia, na mishono yake mtaikagua wenyewe baadaye.

Na koti lako pia limeshonwa. Vipimo hakukuchukua. Alikutazama mara moja tu ulipokuja kuzindua tangi la maji, akaenda akakata kitambaa. Tunakuomba usimame, hapa mbele ya soko zima, ulivae.

Mwenyewe amekaa kule mwisho, karibu na mlango, na anaogopa kuliko anavyoonyesha. Ametutuma tukwambie kwamba likikubana mabegani, usione haya kusema. Duka liko wazi leo, na kesho pia, na atalirekebisha ukisubiri.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani, akupe afya na umri, na akuzidishie pale ulipotoa.

Ni sisi wanao,
Klabu ya Atomu.