Kazamori Isaburo, Mkwe Aliyeliokoa Gombo la Ukoo

Tuliopo leo, tarehe 13 Novemba 1964, katika hekalu la Nukazawa, ni Bibi Tamae, mjane wa marehemu, na mjukuu wake Kenjiro, mimi Fumie, mke wa Kenjiro, na mwanangu niliyembeba mgongoni, pamoja na Mtawa Ryoen, Daktari Minowa, Mama Hatsu mtengeneza tofu ya soya, mafundi wanne wa karakana ya marehemu, na pale mbele, mahali pa wenye heshima, Bwana Kazamori Sadamochi, mkuu wa Nyumba Kuu ya ukoo. Bibi ameniagiza nisome, na ameniagiza nisiruke kitu.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1889 katika kijiji cha Shimokawa, mtoto wa tatu wa Onodera, fundi mapipa, akasoma miaka minne tu, na tarehe 1 Aprili 1901 akapelekwa mjini kujifunza kukarabati magombo ya zamani, kazi ya brashi, karatasi na gundi ya ngano, isiyomtaka mtu mwenye haraka.

Mwaka 1913 aliitwa na Nyumba Kuu kulikarabati gombo la ukoo lililokuwa limeliwa na wadudu, akapangiwa malazi kwetu Kivukoni, na humo ndimo alimosoma asili yetu, jinsi samurai Tomokage alivyopewa bonde hili mwaka 1591 kwa kuilinda njia ya mlimani, akawagawia wanawe watatu, mkubwa ngome, ndiyo Nyumba Kuu, wa pili kivuko cha mto, ndilo tawi letu, wa tatu msitu, ambaye tawi lake lilikwisha kwa njaa ya mwaka 1783. Kwa hofu kwamba karatasi ile isingestahimili maji ya ukarabati, alilinakili gombo lote kwanza, miezi mitano, na binti wa nyumba, Tamae, ndiye aliyemsagia wino.

Kivukoni hapakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo, kama desturi yetu ilivyo, mume ndiye aliyeingia kwa mke, naye tarehe 20 Oktoba 1914 akaliacha jina la Onodera na kuwa Kazamori. Walijaliwa watoto wawili, Sumi, aliyefariki akiwa na miaka miwili, na Yasuharu, baba yake Kenjiro, aliyeuawa vitani mwaka 1944, na Nyumba Kuu ikalisoma jina la Yasuharu kati ya mashujaa wa ukoo, wala siku ile hakuna aliyeuliza damu ya baba yake.

Februari 1932 ghala la Nyumba Kuu liliungua na gombo likateketea, na siku ya tatu marehemu alipanda mlima kwenye theluji, akawapa nakala yake, bila kungoja hata asante.

Aliugua mapafu tangu Agosti, na hata hivyo kila asubuhi alizipasha nepi za mwanangu juu ya mkaa, ili zisimguse zikiwa baridi, hadi tarehe 11 Novemba, saa kumi na mbili asubuhi, alipofariki, akiwa na miaka sabini na mitano.

Jana Bwana Sadamochi alikuja nyumbani kutuambia kwamba majivu ya marehemu hayataingia katika makaburi ya ukoo, tuwarudishie akina Onodera. Akasema, "Mkwe ni kiraka, na kiraka hakiitwi nguo."

Bibi alimmiminia chai kwanza, ndipo akasema, "Kunywa, Sadamochi mwanangu, halafu nenda kalisome gombo alilokuletea. Babu yako wa sita alikuwa mtoto wa muuza mafuta, na pua yake unayo wewe."

Chai haikunyweka, lakini aliyosema Bibi ni kweli, kwani mara tatu Nyumba Kuu ilikosa mtoto wa kiume, mwaka 1702, mwaka 1768 na mwaka 1840, na mara zote tatu aliingia mkwe. Marehemu aliyaandika hayo kwa mkono wake, akayanyamazia miaka hamsini, asije akawaaibisha, na malipo yake ndiyo haya. Bwana Sadamochi, nayasema mbele yako, si nyuma yako, kama mkwe si ukoo, basi panda makaburini mlimani ukaanze kuwafukua wa kwako.

Tunamshukuru Daktari Minowa, aliyekuja kwa baiskeli hata kwenye mvua, Mama Hatsu, aliyeleta tofu laini kila asubuhi akidai imebaki sokoni, nasi tukijua ameitengeneza kwa ajili ya koo la mgonjwa, na mafundi, walioacha kugonga karatasi kwa brashi kila alipopata usingizi.

Babu, mikono yako imefanya kazi ya kutosha, sasa pumzika kwa amani.

Tarehe 29 Desemba 1964, siku ya arobaini na tisa tangu afariki, majivu yake yalizikwa katika makaburi ya ukoo, Bwana Sadamochi hakuja, ila alituma ufunguo wa geti la makaburi.