Mzima wa Kwanza: Maisha ya Dada Yetu

Dada yetu mpendwa, ambaye wenzake kazini walimwita Mama Nyuzi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa karani wa posta na dobi wa hospitali. Tulikuwa wawili tu. Mimi ninayewasomea haya ndiye kitinda mimba.

Alianza shule mwaka 1976 na kuhitimu chuo kikuu mwaka 1992. Utotoni tulimsaidia mama kukunja mashuka, yeye ncha hii, mimi ile. Nikilegeza, shuka lilikwenda kombo na dada alinijia juu: "We mtoto, shika upande wako sawasawa!" Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mwaka 1993 saratani ilimchukua mama, na hapo dada akajua atafanya kazi gani.

Kuanzia tarehe 3 Januari 1994 alifanya kazi katika maabara ya utafiti wa saratani, chumba cha mwisho ghorofa ya pili, dirisha limezibwa kwa karatasi nyeusi. Kazi yake alitueleza kwa lile lile shuka. Seli ikigawanyika hutandaza nyuzi nyembamba zinazovuta kromosomu pande mbili, na zipo protini zinazozishika nyuzi hizo na kuzikaza. Protini zikifanya ajizi, seli moja huzidishiwa na nyingine hupunjwa, na saratani huweza kuanzia hapo.

Tarehe 9 Agosti 1997 aliolewa na fundi aliyekuja kutengeneza jokofu la maabara, akarudi mara tatu zaidi ingawa jokofu lilishapona. Walijaliwa binti mmoja.

Maabara ile ilikuwa na desturi: ikihitajika damu ya mtu asiye na ugonjwa, ya kulinganishia, wafanyakazi walitoa yao au ya ndugu zao. Chupa hazikuandikwa majina. Dada alikuwa Mzima wa Kwanza, mimi Mzima wa Pili.

Mwaka 2019 majibu yalianza kugoma. Wagonjwa na wazima hawakuwa na tofauti. Dada alimfokea msaidizi wake, "Umechanganya dawa!" Msaidizi yule mpole alirudia kazi mara nne, kisha akasema, "Mama, dawa haina kosa. Tuwaangalie hawa wazima."

Nyuzi za Mzima wa Kwanza zilikuwa zimelegea. Kikulacho ki nguoni mwako. Dada alizima darubini, akafuta meza, akaenda nyumbani mapema kwa mara ya kwanza.

Uvimbe ulionekana Februari 2023. Alitibiwa kwa dawa inayozigandisha nyuzi zilezile. Alisema anazijua, hazimtishi. Sisi tuliogopa sana. Alifariki tarehe 22 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Siku tatu kabla, alinipa bahasha iliyogandishwa kwa gundi, imeandikwa kwa penseli: Mzima wa Pili.

"Dada, umeshayaona majibu?"

"Nimeyaona."

"Basi niambie."

Aligeukia ukutani. "Nivutie shuka, nasikia baridi. Na ushike upande wako sawasawa."

Ameacha mume, binti wa miaka ishirini na mitatu, na mdogo wake mmoja. Bahasha ninayo hapa, katikati ya karatasi hizi ninazosoma. Sijaifungua. Nimeona tumzike mmoja kwanza.

Pumzika, dada. Kwa amani, na usinisubiri.