Fundi Anza Mwanzo na Siku Shangazi Alipogoma Kuwaka

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, fundi mkuu wa karakana ya Idara ya Maji atavua ovaroli yake ya buluu baada ya kuitumikia idara kwa miaka thelathini na miwili na miezi minne. Mimi niliyeombwa kuandika wasifu huu ni fundi umeme wa magari. Benchi langu liko hatua tano kutoka benchi lake, na kwa miaka kumi na tisa nimemsikia akiziimbia injini kwa sauti ambayo hata injini zenyewe hazikuiomba.

Aliajiriwa kuosha magari. Wakati huo magari yalikuwa manne, na karakana ilikuwa banda la mabati lisilo na mlango. Alisomea ufundi kwa likizo zake mwenyewe, akapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi kuwa fundi mkuu, cheo alichokishika kwa miaka kumi na moja. Ndiye aliyeanzisha daftari la matengenezo kwa kila gari. Mwaka ule mafuriko yalipoingia uani na kufika kwenye viti vya magari, yeye na wenzake wawili waliyafufua magari tisa kwa siku sita, na siku ya saba akalala hadi mkewe akapiga simu kuuliza tumemfanya nini.

Alikuwa na wivu na spana zake. Mwaka jana aliipaka spana yake namba kumi rangi ya pinki, tukajua anatukomoa sisi wazoefu wa kuazima bila kuomba. Tulimtania mpaka tukachoka.

Jina la Anza Mwanzo alipewa na madereva. Kando ya benchi lake kuna kiti cha abiria kilichong'olewa kwenye pikapu iliyokufa, mkanda wake bado unaning'inia. Gari likiletwa bovu, hagusi boneti. Dereva anakalishwa pale, anaambiwa aanze mwanzo, aeleze gari lilifanya nini kabla ya kuharibika. Madereva husema ni heri ufunge mkanda kabla ya kudanganya kwenye kiti kile.

Mimi nilikikalia wiki yangu ya tatu kazini. Nilikuwa bado kwenye miezi mitatu ya majaribio, mwanamke pekee karakana nzima, na nilijua wapo waliokuwa wakisubiri niteleze. Nilipewa stesheni wagoni ya kijivu tunayoiita Shangazi, kwa kuwa inalalamika njia nzima lakini haikosi shughuli. Nilikuwa nimebadilisha balbu ya breki, nikawa nairudisha uani kinyumenyume, nikagonga nguzo ya geti. Kishindo kilikuwa kidogo, bampa halikupasuka. Injini ikazima. Nikawasha tena na tena: stata inazungusha vizuri, injini haishiki.

Mlinzi alikuwa ameenda kunywa chai. Nikafuta alama ya rangi kwenye bampa kwa kitambaa chenye petroli, nikaomba watu wanisaidie kusukuma, nikasema gari limezima lenyewe.

Siku mbili nilihangaika. Betri nzima, fyuzi nzima, plagi zinatoa cheche, ila petroli haifiki kwenye injini. Nikashusha tangi, nikatoa pampu ya mafuta na kuiunga moja kwa moja kwenye betri, ikanguruma kama mpya. Nikairudisha mahali pake, kimya. Haikunijia hata mara moja kwamba ile nguzo niliyoificha ilikuwa na uhusiano wowote na pampu. Mwishowe niliandika kwenye kadi ya kazi kwamba nyaya zimekwisha na gari halifai kutengenezwa. Niliiandika huku nikijua kwamba ikigundulika nimedanganya, kazi sina.

Anza Mwanzo aliisoma kadi, akakipigapiga kile kiti kwa kiganja.

“Anza mwanzo, mwanangu. Dakika moja kabla halijazima, lilikuwa linafanya nini?”

Nikasema lilikuwa linarudi nyuma. Akauliza halafu. Akasubiri, chai yake ikapoa mkononi. Nikalia, nikamwambia habari za nguzo. Hakuuliza nani aliona. Aliuliza tu kama gari lilitikisika.

Akainama chini ya gari, akanusa, akamulika mabomba yote ya petroli kuona kama kuna linalovuja. Aliporidhika, alifunua zulia upande wa miguu ya abiria akanionyesha swichi ndogo ambayo kitufe chake kilikuwa kimeruka juu. Baadhi ya magari ya zamani, alinieleza, yana swichi hiyo ili yakigongwa petroli ikatike, yasije yakashika moto, na wakati mwingine hata mgongano mdogo unatosha. Akaniambia nikibonyeze mwenyewe. Nikageuza ufunguo, pampu ikanguruma, Shangazi akawaka.

“Gari lilisema ukweli tangu juzi,” alisema. “Sisi mafundi ndio tuliochelewa.”

Kisha aliichana kadi yangu, akaandika nyingine yenye nguzo ndani yake, akanipa kalamu nitie saini. Tulikwenda pamoja kwa mkuu wa idara. Nilipata barua ya onyo na mwezi mmoja zaidi wa majaribio, na kazi nikabaki nayo. Alichomwambia mkuu ni kwamba ananihitaji karakana, kwa sababu nimeshajua kusema.

Miezi mitatu iliyopita alimtoa Shangazi kumjaribu gia. Tukasikia kishindo getini, nguzo ile ile, na injini ikawa zii. Tulicheka, maana hakuna anayeijua swichi ile kuliko yeye. Lakini hakuigusa. Alikuja taratibu, akakaa kwenye kiti, akaniita. Hakuniita mwanangu, aliniita fundi.

Akaanza mwanzo. Nguzo hakuiona. Jicho la kulia lilikuwa na ukungu kwa zaidi ya mwaka, na spana alikuwa akizipima kwa kidole gumba. Ile pinki aliipaka ili aweze kuiona. Alikuwa amebakiza miaka miwili ya kazi na alitamani kuimaliza, ila breki anazozifunga yeye hubeba watu, na hofu hiyo ilikuwa imemnyima raha. Niliona aibu kwa utani wetu wote.

Aliniomba niandike kadi. Nikanusa chini ya gari, nikamulika mabomba, nikabonyeza kitufe, halafu nikaenda naye kwa mkuu wa idara, akaomba mwenyewe kustaafu mapema. Daktari amempangia upasuaji wiki mbili zijazo na anasema jicho lina matumaini makubwa. Haya nimeyaandika kwa ruhusa yake. Alisema nikiyaruka nitakuwa sikuanza mwanzo.

Mzee wetu, tunakushukuru wewe, na tunamshukuru mama aliyezifua ovaroli zile kwa miaka yote hii. Kiti hakitaondolewa. Macho yako yapone, mapumziko yako yawe marefu, na wajukuu wakiharibu kitu nyumbani uwakalishe popote utakapoona panafaa.

Ijumaa Shangazi atakupeleka nyumbani, nami nitaendesha. Usiwe na wasiwasi na geti. Rangi iliyobaki kwenye kopo lako tumeimalizia kwenye nguzo, sasa ni ya pinki kuanzia chini hadi juu.