Pumzi ya Kinanda

Basi lilikuwa limetoka Masasi kwenda Newala, na mwalimu wa kwaya wa Lulindi alikuwa amefungua kompyuta mapajani. Kinanda cha kanisa kimekufa na Jumapili askofu anakuja kutoa kipaimara, kwa hiyo alikuwa akiunda sauti ya kinanda hicho kwa kuandika mistari ya maelekezo katika programu ya bure.

“Mistari yote hii kwa sauti moja?” aliuliza mama aliyeketi kando yake. “Mimi natengeneza muziki wa harusi Kitangari. Programu yangu nayo ni ya bure, lakini nachora visanduku kwenye skrini na kuviunganisha kwa nyaya. Naona sauti inakopita.”

“Kuchora ni kwa chekechea, mama.”

“Na kuandika ni kwa makarani, mwalimu. Haya, washa tusikie.”

Ikatoka sauti safi, nami niliyeketi nyuma yao nikamshukuru Mungu kwamba ubishi umekwisha, mapema mno.

“Tatizo ni pumzi,” alisema mwalimu. “Kinanda cha zamani kilivuta hewa kwanza, ndipo kwaya ikaanza. Wasipoisikia, hawafungui midomo.”

Pumzi aliyoiandika ililia kama mbuzi. Mama akatoa kompyuta yake, akachora ya kwake, ikanguruma kama mashine ya kukoboa. Kila mmoja akaisifu yake.

Basi likasimama Newala, na breki zikashusha pumzi ndefu.

“Hiyo hiyo!” walipiga kelele wote wawili. “Dereva, funga breki tena!”